Jinsi ya Kuwaachia Wanao Kesi Isiyozeeka

Mgosi, mali huisha. Ng'ombe hufa kwa ndigana, bati hushika kutu, na shamba la bondeni likikosa samadi misimu mitatu halirudishi hata mbegu. Kama kweli unataka kuwaachia wanao kitu ambacho hata wajukuu watakikuta kingali kizima, waachie kesi. Kesi haiugui na haingoji mvua. Shamba ukiligawa linapungua. Kesi kadiri wanavyoigawana ndivyo inavyonenepa.

Mwongozo huu ni wa mzee wa Mlalo mwenye vitu vya kawaida: shamba la mahindi na maharage mlimani, kipande cha kabichi na karoti karibu na maji, nyumba, kibanda cha duka sokoni, mke au wake, na watoto ambao nusu yao wako Tanga na Dar es Salaam na hurudi Idi au Krismasi. Utajiri hauhitajiki. Ugomvi wa ukoo unaweza kusimama miaka mingi juu ya miti minne ya mapeasi.

Wala usione aibu ukadhani unaleta jambo geni. Huku milimani tuna mfano wa kifalme. Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene aliyeitawala Usambara kutoka Vugha na kutuma watu wake hadi karibu na pwani, alifariki mwaka 1862. Mwanawe mkubwa alikuwa ametangulia, hivyo kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Baba mdogo hakuridhika. Huyu ni Semboja, aliyekaa Mazinde kule chini, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana kwa urahisi kuliko busara. Kabla muongo haujaisha Shekulwavu alikuwa ameshafurushwa Vugha na Semboja akamkalisha mwanawe mwenyewe. Wajerumani walipopanda mlima miaka zaidi ya ishirini baadaye, shauri lilikuwa bado bichi, wakalirithi wao. Ingia leo Mahakama ya Mwanzo yoyote utalikuta shauri lile lile, mjukuu dhidi ya baba mdogo, isipokuwa sasa wanagombea kiwanja cha karibu na stendi.

Usiandike, ila sema sana

Adui wako mkubwa ni karatasi. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zimeufanya wosia uwe rahisi kiasi cha kuudhi. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe, uonyeshe kwamba akili zako ni timamu, utie sahihi au dole gumba. Kama unajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hujui, wawe wanne. Mke aliyepo nyumbani siku hiyo naye ashuhudie. Basi. Hakuna wakili wala nauli ya Lushoto. Jani moja la daftari la mtoto wa shule linatosha.

Unaiona hatari yenyewe. Kazi ya asubuhi moja inaua kesi ya miaka ishirini! Kwa hiyo mtu akitaja wosia mbele yako, weka kikombe chini, mtazame, umuulize kwa sauti ya mgonjwa: "Kwa hiyo mnataka nife?" Swali hili halina jibu. Watoto watainamisha vichwa, mama yao atakumbuka kuna maharage jikoni, na mada haitarudi tena hadi siku ya arobaini yako.

Lakini kunyamaza kabisa ni kazi ya wavivu. Fundi husema, tena husema sana, ila kwa mmoja mmoja. Mkubwa akija likizo, mpandishe shamba la mlimani, elekeza kwa fimbo, mwambie: "Mwanangu, hapa pako." Mwaka unaofuata mpeleke wa pili, mahali pale pale, kwa fimbo ile ile. Yule wa mwisho, anayekuuguza, mwambie usiku homa ikiwa imepanda, akushike mkono. Sheria inataka wosia wa mdomo usikiwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Basi chunga sana pasiwe na mtu mwingine karibu. Kila mtoto atasimama kizimbani aape kwamba baba alimpa yeye, na utamu wa jambo hili ni kwamba wote watatu watakuwa wanasema kweli.

Kumnyima mtoto urithi nako kuna utaratibu wake: uwe na sababu nzito, mathalani alikushambulia au alikutelekeza katika maradhi na njaa, na yeye apewe nafasi ya kujitetea. Achana na hayo yote. Mlaani hadharani kwenye harusi ya binamu yake, watu mia wasikie. Kisha msamehe faraghani, mkiwa wawili tu.

Usiishi kwa sheria moja wakati zipo tatu

Hapa Mlalo Mungu ametubariki. Wamisionari wa Kilutheri walifika mwaka 1891 wakapaita Hohenfriedeberg, Uislamu nao ukapanda kutoka kwenye biashara ya pwani, na mila zilikuwapo kabla ya wote. Ukoo mmoja unaweza kuwa na shehe, mzee wa kanisa na mjomba anayejua mambo ya mizimu, na wote wakala sahani moja siku ya sikukuu. Amani hii ni nzuri mkiwa hai. Ukishakufa inakuwa mgodi wa kesi.

Maana mali ya marehemu Mwislamu hugawanywa kwa mirathi ya Kiislamu. Ya Mkristo aliyeishi Kikristo huangukia sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ndiyo, ya India, ambayo tulirithishwa na Mwingereza na bado tunaitumia. Ya aliyeishi kimila hufuata kanuni za 1963. Sasa mchukue mjane mwenye watoto. Kwa sheria ya India anapata theluthi. Kwa mirathi ya Kiislamu ni thumuni, na kama ni wajane wawili wanagawana hiyo hiyo thumuni. Kwa kanuni za 1963 hana fungu. Atunzwe na wanawe, kama watakumbuka. Binti naye: kwa India sawa na kaka yake, kwa Uislamu nusu ya kaka yake, kwa mila yuko daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya wadogo wa kiume waliomfuata.

(Kanuni hizo za 1963 zimelalamikiwa hadi Geneva. Wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni zinabagua lakini ikaogopa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikaiambia Tanzania izirekebishe. Mwongozo wangu una walinzi wengi kuliko unavyodhani.)

Mahakama ikitaka kujua sheria ipi itumike, huangalia ulivyoishi na ulivyokusudia. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna atakayejua. Batizwa ujanani, funga ndoa ya pili kwa shehe, changia ukarabati wa kanisa, na ukiugua upelekewe mbuzi wa tambiko. Mjane mkubwa atasema Mkristo, mjane mdogo atasema Mwislamu, ndugu zako watasema Msambaa. Wakipata bahati, Mahakama ya Mwanzo, ambayo inasikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila, italisikiliza shauri miaka kadhaa, kisha jaji huko juu agundue marehemu alikuwa Mkristo, afute kila kitu kwa kukosa mamlaka, na waanze upya wakiwa na mvi.

Mipaka

Mlalo inajua habari ya mistari mlimani. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na Mpango wa Bonde la Mlalo, ikiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili udongo usimomonyoke. Watu walichukia, walipinga, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Mzee mwenye akili anachukua funzo moja tu hapo: mstari wowote unaochorwa ardhini na kukubaliwa na pande zote ni dalili ya mkoloni.

Kwa hiyo mpaka wako uwe wa maneno. "Kutoka kwenye mgomba wa marehemu bibi hadi pale maji yalipokuwa yakipita." Mgomba ulishakufa, maji yalishahama, bibi mwenyewe hatujui ni yupi. Kama babu zako walipanda masale mpakani, jirani ataelewa mara moja maana yake, na hilo halifai. Yang'oe kidogo kidogo, au yasogeze hatua moja kila msimu wa kulima. Naye atasogeza ya upande wa pili. Mtakutana katikati ya shamba la mtu wa tatu.

Hati ya hakimiliki ya kimila ikimbie kama ukoma. Ilikuja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: kijiji kinapima, majirani wanasimama mipakani wakikubali, halmashauri ya kijiji inatia mhuri, na jina la mke linaweza kukaa juu yake pamoja na lako. Baada ya hapo watoto watagombana juu ya nini? Sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 20 kinachosema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Usiruhusu binti zako wakisikie. Mwambie kila mmoja kwamba yeye ni wa kupita, shamba lake liko kwa mumewe. Familia ya mumewe, kwa upande wao, wataendelea kumwambia kwamba yeye ni wa kuja. Hivyo atakuwa hana pa kusimama, isipokuwa mahakamani.

Ukikwama pesa, uza kipande. Uza siku ya soko, jioni, kwa mtu wa mbali, bila mwenyekiti wa kitongoji na bila halmashauri ya kijiji, kwa karatasi iliyoandikwa "nimemuuzia shamba langu lililopo Mlalo" na shahidi mmoja tu ambaye ni dereva wa bodaboda aliyemleta mnunuzi. Kama ni nyumba mnayoishi, ndiyo bora zaidi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inakukataza kuiuza, kuigawa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako, kwa hiyo umepata kesi mbili kwa mauzo mamoja, ya mnunuzi na ya mama watoto.

Na mkaribishe shemeji alime "kwa muda." Usiandike ni muda gani. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12. Mwaka wa kumi na tatu wanao watakapomwambia aondoke, atakuwa na la kujibu.

Mke, na yule mwingine

Wengi hudhani ukikwepa cheti cha ndoa umekwepa sheria. Usiwaamshe. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, majirani wakawajua kama mume na mke, sheria hudhania kuna ndoa, na anayebisha ndiye alete ushahidi. Kwa hiyo yule wa Mombo unayemwita "mpangaji," ambaye watoto wake wana pua yako, usimtaje nyumbani hata kwa bahati mbaya. Yeye ni mzigo wa siku ya msiba: atateremka kwenye basi amevaa khanga nyeusi, na watoto wawili mkononi, wakati ukoo unaandika muhtasari wa kikao.

Kwa yule wa nyumbani, shikilia kauli moja: "Umeleta nini humu ndani?" Mahakama ya Rufani ilishaijibu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliposema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hukumu ya 1983 haijafika kwenye vilabu vyetu vyote. Mama aliyebeba kuni, samadi na watoto mlima ule kwa miaka thelathini, aliyelima kabichi zilizonunua bati, endelea kumwita "mama wa nyumbani." Neno hilo peke yake litalipa ada za mawakili wa pande zote mbili.

Kijana wa dukani

Hapa sina mengi, kwa sababu waajiri wa kwetu mnafanya vizuri bila kufundishwa. Mchukue kijana kwa maneno ya "tutaelewana," mlipe kwa mkono, siku nyingine umlipe kwa chakula, na mkigombana umfukuze jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na yasipokuwepo ni wewe mwajiri utakayebebeshwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28 na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Akiachishwa isivyo haki ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Habari njema ni kwamba wengi hutumia siku hizo 30 wakikuombea kwa wazee umrudishe. Usimrudishe wala usimkatalie. Sema "njoo wiki ijayo." Akishafahamu haki zake na wewe ukafa kabla ya kumlipa, atajiunga na msafara wa wadai wa mirathi, na msafara mkubwa hupendeza.

Baada ya mazishi

Hapa kazi inakuwa ya wengine, lakini unaweza kuwaandaa. Ukoo utakaa, utaandika muhtasari, utapendekeza msimamizi wa mirathi. Pandikiza mapema wazo kwamba msimamizi ndiye mrithi mkuu. Sheria inasema sivyo: yeye ni wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kilichobaki kwa warithi. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne anapaswa kurudisha fomu namba 5 yenye orodha ya mali na madeni, na fomu namba 6 ya kuonyesha alivyogawa. Mtu wa kufaa basi ni yule mdogo wako mwenye sauti kubwa, aliyesimamia chakula cha msiba na hakuna aliyeona hesabu zake. Atapeleka fomu namba 5 kwa fahari. Fomu namba 6 ataiweka kwenye mfuko wa koti, na koti ataondoka nalo kwenda Handeni.

Cheti cha kifo kisifuatiliwe upesi. Wakati kinasubiriwa, mmoja anakodisha kibanda cha sokoni, mwingine anakata mikaratusi, wa tatu anabadilisha kufuli.

Kama mgogoro ni wa ardhi, wataanzia Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Zamani la Kata lilikuwa likiamua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, ndani ya siku 30. Wazee wale wanaweza kuwapatanisha wanao, jambo la kusikitisha. Wafundishe watoto neno "heshima," kwamba atakayekubali kwanza ameshindwa. Hapo watavuka salama kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu Tanga, wakishuka zile kona za Soni hadi Mombo asubuhi basi moja, wamekaa viti vya mbalimbali, na wakirudi jioni basi hilo hilo baada ya kuambiwa shauri limeahirishwa. Nauli ya wote watatu kwa miaka sita ingenunua kiwanja kingine, lakini sasa nani anapiga hesabu?

Tatizo linalonitia wasiwasi siku hizi ni msaada wa bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, mwaka 2023 Serikali ikaanzisha kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, hivyo hata kile kisingizio kizuri cha "yameandikwa Kizungu" kinatuponyoka. Hawa wasaidizi wana tabia mbaya. Wanakaa na familia barazani, wanauliza nani alizaliwa na nani, wanachora shamba kwenye karatasi, na jambo mlilolilea tangu mazishi linakwisha kabla chai haijapoa. Ukisikia wamefika kijijini, hamishia familia nzima shambani hadi jua lizame.

Na ikitokea yule binti yako wa Tanga amefika ghafla siku ya kazi, ana karatasi na kalamu ya wino, amefuatana na shangazi yake na jirani mmoja asiye wa ukoo, na mama yake ameshavuta kiti, usipandishe sauti. Mkaribishe. Mwambie umekubali kabisa, tena ulikuwa na wazo hilo siku nyingi, ila asubiri kidogo tumalize kuvuna viazi. Vya mlimani vikiisha, vya bondeni vitakuwa vimeshachanua.